Duara Lililogeuka Yai: Jinsi ya Kupanga Skeli za Mihimili Unapochora Grafu kwa Kompyuta

Andika x² + y² = 25 kwenye programu ya kuchorea grafu. Unajua fika kwamba hilo ni duara lenye nusukipenyo 5, kitovu chake kwenye sifuri. Lakini katika programu nyingi kinachojitokeza kwenye skrini ni yai, tena limelala ubavu.

Mara ya kwanza kukutwa na hilo nilidhani nimekosea mlinganyo. Nikakagua vipeo, nikakagua alama, nikauandika upya kwa namna nyingine. Yai likabaki yai. Hesabu haikuwa na kosa lolote. Kilichotokea ni kwamba kizio kimoja cha mhimili wa x kilipewa nafasi ndefu kuliko kizio kimoja cha mhimili wa y, wala hakuna aliyeniuliza kama naafiki.

Programu ikiachiwa ichague skeli yenyewe, lengo lake huwa kujaza dirisha. Haijui kama unataka kupima pembe, kutafuta kilele cha mkunjo, au kulinganisha namba zilizoachana mara elfu. Wewe ndiye unayejua, kwa hiyo kazi ya kuchagua skeli ni yako.

Hatua ya 1: Amua grafu ijibu swali gani

Kabla ya kugusa amri yoyote, jiulize msomaji wa grafu hii atatazama nini. Akitazama umbo, yaani duara, pembe, au mstari unaogusa mkunjo, mihimili yote miwili lazima iwe na skeli moja. Akitazama mabadiliko, wapi panapanda na wapi panashuka, kila mhimili upewe skeli yake. Na akitazama ukuaji wa kuzidisha, ambapo namba huongezeka mara mbili mbili au mara kumi kumi, skeli ya kawaida itamficha mambo. Hapo utahitaji skeli ya logi, yaani ile ambayo kila hatua sawa kwenye mhimili ni kuzidisha kwa namba ileile.

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haina cha kubofya. Halafu wanahangaika na menyu saa nzima.

Hatua ya 2: Hesabu pikseli kwa kila kizio

Chukua dirisha lenye upana wa pikseli 800 na kimo cha pikseli 600. Weka x kuanzia −10 hadi 10, na y vivyo hivyo. Ukiangalia harakaharaka unaona umetenda haki, maana kila mhimili una vizio 20. Sasa gawanya. 800 ÷ 20 ni pikseli 40 kwa kila kizio cha x, ilhali 600 ÷ 20 ni pikseli 30 tu kwa kila kizio cha y. Duara la nusukipenyo 5 litatoka na upana wa pikseli 400 na kimo cha pikseli 300. Yai lenyewe ndilo hilo.

Madhara hayaishii kwenye maduara. Mstari y = x, ambao unapaswa kupanda kwa nyuzi 45, katika dirisha hilo utaonekana umepanda kwa takribani nyuzi 37. Mistari y = 2x na y = −x/2 hukutana kwa pembe mraba; kwenye skrini utakuta pembe moja ya nyuzi 77 hivi na jirani yake ya 103. Mwanafunzi akiambiwa athibitishe kwa macho kwamba mistari hiyo inakutana kwa nyuzi 90, macho yake yatamwambia mwalimu anadanganya.

Tiba yake ni hesabu ya mstari mmoja. Ukitaka pikseli 40 kwa kila kizio pande zote mbili, gawanya kimo cha dirisha kwa 40: 600 ÷ 40 ni 15. Basi y ianzie −7.5 hadi 7.5, na duara litakuwa duara. Fanya hesabu hii kwa mkono angalau mara moja, hata kama programu yako ina kitufe cha kuifanya kwa niaba yako. Ukishaielewa, hakuna amri ya hatua inayofuata itakayokutatiza.

Hatua ya 3: Funga uwiano wa mihimili

Kila programu ina namna yake ya kusema "kizio cha x kiwe sawa na kizio cha y".

Katika GeoGebra, bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye ubao wa grafu, nenda kwenye uwiano wa mihimili, chagua 1 : 1. GeoGebra kwa kawaida huanza na uwiano huo, ila ni rahisi kuuvuruga bila kujua: ukishikilia Shift huku ukiburuta mhimili mmoja, unaunyoosha huo peke yake. Ukitaka kupanga mipaka kwa namba, andika kwenye sehemu ya amri:

`ZoomIn(-10, -7.5, 10, 7.5)`

Mpangilio wake ni x ndogo, y ndogo, x kubwa, y kubwa. Ukizoea MATLAB utakosea hapa, kwani huko amri ya `axis` hutaka x mbili kwanza, kisha y mbili: `axis([-10 10 -7.5 7.5])`.

MATLAB na Octave hutumia `axis equal`. Angalia usije ukaichanganya na `axis square`. Hiyo ya pili hufanya fremu ya grafu iwe mraba, basi. Kama x inakwenda hadi 10 na y hadi 100, fremu itakuwa mraba na duara lako litabaki limebanwa.

Maple huandika `scaling=constrained` ndani ya amri ya kuchora. Mathematica huhitaji `AspectRatio -> Automatic`, na jina hilo limewachanganya wengi, kwa sababu ukiinyamazia, amri yake ya `Plot` haichukui hiyo. Huchora fremu ambayo kimo chake kwa upana wake kinafuata uwiano wa dhahabu, takribani 1 kwa 1.618. Katika R ni `asp = 1`, katika SageMath ni `aspect_ratio=1`, katika Maxima unaongeza neno `same_xy` mwishoni mwa `plot2d`, na katika gnuplot unaandika `set size ratio -1`. Alama ya kutoa hapo ina maana yake: namba chanya huamua umbo la fremu, namba hasi huamua uwiano wa vizio.

Matplotlib, maktaba ya Python ambayo John Hunter aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, inastahili maelezo zaidi kidogo, maana ina njia mbili zinazofanana kwa jina na kutofautiana kwa tabia. Katika mifano, `np` ni NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, na `plt` ni sehemu ya kuchorea ya Matplotlib (`matplotlib.pyplot`).

`t = np.linspace(0, 2*np.pi, 400)`
`plt.plot(5*np.cos(t), 5*np.sin(t))`
`plt.gca().set_aspect('equal')`

Hii ya `set_aspect('equal')` huheshimu mipaka yako na kubadilisha umbo la fremu. Fremu itasinyaa upande mmoja na nafasi nyeupe kubaki kandokando. Nyingine, `plt.axis('equal')`, huacha fremu ilivyo na kupanua mipaka ya mhimili mmoja mpaka vizio vilingane. Kwa hiyo ukiweka x iishie 10, halafu ukaita hiyo ya pili, usishangae kuona mhimili umefika 13. Mimi hutumia ya kwanza karibu siku zote. Nikishaamua mipaka, sitaki mtu anisogezee.

Kwa grafu za pande tatu mkasa ni uleule, tufe hugeuka yai. Matplotlib kuanzia toleo la 3.6 inakubali `set_aspect('equal')` hata huko.

Hatua ya 4: Jua wakati wa kuukataa uwiano sawa

Baada ya kugundua `axis equal`, kuna kipindi mtu huiweka kila mahali kama chumvi. Jaribu kuiweka kwenye sin x ambapo x iko katika nyuzi kuanzia 0 hadi 360. Upana wa pikseli 800 ukigawanywa kwa vizio 360 unabaki na pikseli 2.2 kwa kizio. Wimbi zima, kutoka −1 hadi 1, litakuwa na kimo cha pikseli zisizofika 5. Utaona uzi umelala.

Hapo ndipo utakapothamini radiani. Ukiipima x kwa radiani, wimbi moja lina urefu wa vizio 6.28 na kimo cha vizio 2, na uwiano sawa unatoa picha safi kabisa. Tena mstari unaougusa mkunjo pale kwenye sifuri unapanda kwa nyuzi 45 hasa, jambo ambalo kwa nyuzi haliwezekani, kwa sababu mteremko wake huko ni π/180, yaani takribani 0.0175.

Mfano mwingine ni y = x(x − 10)(x − 20). Ukiichora katika dirisha la −10 hadi 10 pande zote, utaona mstari uliosimama wima karibu na sifuri na kipande kingine kimejibanza ukingoni kulia. Hakuna kilele, hakuna bonde. Mtu asiyejua atasema programu imeharibika.

Panga hivi. Anza na x, kwa sababu x ndiyo unayoifahamu: grafu inakata mhimili kwenye 0, 10 na 20, kwa hiyo chukua kuanzia −2 hadi 22 ili pande zote mbili zipumue. Kisha tafuta y inafika wapi. Kwenye ncha mbili za mhimili unapata −528 na 528. Kilele kiko karibu na x = 4.23, ambapo y ni kama 385, na bonde liko karibu na 15.77, ambapo y ni kama −385. Weka y kati ya −550 na 550 na mkunjo wote utaonekana. Hapa kizio cha x kimekuwa kirefu kuliko cha y kwa zaidi ya mara 60, na ni halali kabisa, mradi usichukue kipimapembe kwenda kupima mteremko kwenye skrini. Mteremko usome kwenye namba za mihimili.

Lipo pia swali la ladha: kama umbo halikulazimishi, kimo cha grafu kiwe kiasi gani? Mwanatakwimu William Cleveland na wenzake walilishughulikia mwaka 1988 na pendekezo lao ni kuchagua uwiano unaofanya vipande vya mkunjo vielekee karibu na nyuzi 45 kwa wastani, kwani macho hutofautisha miteremko vizuri zaidi hapo. Mfano maarufu ni idadi ya madoa ya Jua, inayopanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Katika fremu ndefu ya kwenda juu unaona meno ya msumeno tu. Ibane fremu iwe fupi na pana, utagundua kwamba idadi hupanda haraka na kushuka polepole.

Hatua ya 5: Bana grafu inayokimbilia juu

Chora tan x ukiiachia programu ichague mipaka. Karibu na π/2 fanksheni hii hupaa bila kikomo, na pointi moja tu iliyoangukia karibu na hapo inaweza kuupeleka mhimili wa y kwenye maelfu. Sehemu nyingine zote za grafu hubanwa zikawa mstari wa kulala. Zaidi ya hapo, programu huunganisha pointi ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa mstari wima ambao si sehemu ya grafu.

Matatizo ni mawili, basi dawa ni mbili. Weka mipaka ya y kwa mkono, kisha vunja muunganiko:

`x = np.linspace(-6, 6, 2000)`
`y = np.tan(x)`
`y[np.abs(y) > 10] = np.nan`
`plt.plot(x, y)`
`plt.ylim(-5, 5)`

Thamani za `nan` (maana yake "si namba") hazichorwi, kwa hiyo mstari hukatika pale panapostahili. SageMath hufanya hivyo ukiiambia `detect_poles=True`, pamoja na `ymin=-5, ymax=5`. Mathematica nayo ina tabia ya kinyume: mara nyingine hukata yenyewe vilele inavyoona vimezidi. Ukihisi grafu imefyekwa kichwa, ongeza `PlotRange -> All`.

Ukishabadilisha mipaka, kumbuka pointi. GeoGebra hupiga hesabu upya kila unaposogeza dirisha. Matplotlib haifanyi hivyo. Ulichoipa ndicho ilicho nacho, na ukikaribia sana utaona vipande vilivyonyooka badala ya mkunjo. gnuplot isipoambiwa hutumia pointi 100. Chora sin(50x) kuanzia 0 hadi 10, ambamo kuna karibu mawimbi 80, na pointi hizo 100 zitakupa mchoro wa uongo mtupu. Andika `set samples 5000` kwanza.

Hatua ya 6: Tumia logi pale namba zinapozidishana

Mwaka 1619 Johannes Kepler alichapisha kanuni yake ya tatu kuhusu mwendo wa sayari. Data ya sayari ni nzuri mno kwa somo hili. Umbali wa Dunia kutoka Jua ukihesabiwa 1, na muda wa kulizunguka ukihesabiwa kwa miaka, unapata hivi:

Utaridi: 0.387, 0.241
Zuhura: 0.723, 0.615
Dunia: 1, 1
Mirihi: 1.524, 1.881
Mshtarii: 5.203, 11.86
Zohali: 9.54, 29.45
Urani: 19.19, 84.0
Neptuni: 30.07, 164.8

Ziweke kwenye mihimili ya kawaida. Ili Neptuni iingie kwenye upana wa pikseli 800, sayari nne za mwanzo lazima zibanane ndani ya pikseli kama 30 pale pembeni. Takribani theluthi mbili ya upana wa grafu ni ya sayari mbili za mwisho. Huwezi kusema lolote kuhusu Zuhura.

Sasa geuza mihimili yote miwili iwe ya logi. Katika Matplotlib na MATLAB ni `loglog` badala ya `plot`; katika R ongeza `log = "xy"`; katika gnuplot andika `set logscale xy`. Pointi zote nane zinajipanga kwenye mstari ulionyooka, kila sayari na nafasi yake. Mteremko wa mstari huo unaupata kwa Dunia na Neptuni peke yake: logi ya 164.8 ni 2.217, logi ya 30.07 ni 1.478, na ukigawanya unapata 1.5. Muda hufuata umbali kwa kipeo cha 3/2. Kanuni nzima ya Kepler imeonekana kwa kubadilisha skeli.

Hiyo ni kwa uhusiano wa vipeo, ambapo mihimili yote huwa ya logi. Kama x yenyewe ndiyo kipeo, mfano y = 3·2ˣ, mhimili wa y peke yake unatosha. Kuanzia x = 0 hadi 10, y hutoka 3 hadi 3072. Kwenye skeli ya kawaida, nusu nzima ya kwanza ya grafu haifiki hata asilimia 4 ya kimo, ni kama hakuna kinachotokea halafu ghafla mlipuko. Kwa `semilogy` ya Matplotlib na MATLAB unapata mstari ulionyooka, kwa kuwa kuongeza mara mbili ni kuongeza mara mbili, iwe mwanzoni au mwishoni.

Logi ina masharti. Sifuri haipo kwenye mhimili wa logi, na namba hasi hazipo kabisa. Programu nyingi huziacha kimyakimya bila kukuonya. Hesabu pointi zako kabla na baada. Kama data ina hasi na chanya kubwa kwa pamoja, Matplotlib ina skeli ya `symlog`, ambayo huwa ya kawaida karibu na sifuri na kuwa ya logi mbali nayo. Na tafadhali usichore grafu ya pau kwenye mhimili wa logi. Urefu wa pau husomwa kuanzia sifuri, na sifuri haipo.

Hatua ya 7: Namba za pembeni

Hapa ni pafupi. Kwa fanksheni za pembetatu, alama zikae kwenye vizidisho vya π/2, si 1, 2, 3. GeoGebra inakuruhusu kuandika umbali huo kwenye mipangilio ya mhimili, Matplotlib hutumia `MultipleLocator(np.pi/2)`.

Angalia pia kona ya grafu. Matplotlib ikiona namba kama 1001.2, 1001.3 na 1001.4 inaweza kuandika sehemu ndogo tu kwenye mhimili na kukiweka kile kilichoondolewa kwa herufi ndogo pembeni. Nimewahi kusoma grafu nzima nikidhani thamani ziko karibu na sifuri. `ticklabel_format(useOffset=False)` huizima.

Ukiweka grafu mbili ubavuni ili zilinganishwe, zipe mhimili mmoja: `plt.subplots(1, 2, sharey=True)`. La sivyo kila moja itajichagulia skeli, na kilima cha moja kitaonekana sawa na mlima wa nyingine. Kuhusu mihimili miwili ya y ndani ya grafu moja, mmoja kushoto na mwingine kulia, naiepuka. Mahali mikunjo hiyo miwili inapokatana hapana maana yoyote. Ukibadilisha skeli moja kidogo, panahama.

Hatua ya 8: Hifadhi bila kuharibu

Umefunga uwiano, duara ni duara, umehifadhi picha. Kisha unaibandika kwenye waraka, haienei, unashika ukingo wa kulia na kuuvuta. Yai limerudi. Vuta kwa kona, siyo kwa ubavu, na bora zaidi amua ukubwa wa picha ndani ya programu yenyewe kabla ya kuhifadhi. Katika Matplotlib ni `figsize=(8, 6)`, kwa inchi.

Kwa grafu ambayo umbo lake ni muhimu, mimi huchora mraba mdogo wa 1 kwa 1 kwenye kona tupu kabla ya kuhifadhi. Picha ikishakaa kwenye waraka ninaupima mraba huo kwa rula, pale pale kwenye skrini. Pande zikilingana, ninarudi kwenye programu, ninaufuta, na kuhifadhi tena kwa ukubwa uleule.